Maswali Yenu ya Picha: Tajiri na maskini kwenye fremu moja

Wapendwa wasomaji, toka tuchapishe ile picha ya kuunganisha, ile ambayo nusu yake ni mtoto kalala juu ya maboksi na nusu ya pili ni mtoto wa umri huohuo kalala kwenye shuka nyeupe na midoli yake, maswali hayajakatika. Mengine ya ufundi, mengine ya moyo kabisa, mengine yana hasira ndani yake na mi nimeyapenda hayo zaidi. Nimechukua saba.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi najifunza kuediti picha, sasa nina mwaka. Nilipiga vibarua wanabeba mawe barabarani, alafu kwa juu yao nikaweka bango la tangazo nililolipiga siku nyingine sehemu nyingine, watu wanaota jua pembeni ya bwawa la kuogelea wanacheka. Nikaiweka mtandaoni, wengi wameipenda ila kaka mmoja kaniandikia kwamba huo ni uongo mtupu, hilo bango halipo hapo. Nimeumia sana. Kweli nimedanganya?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hujadanganya, ila kuna kitu kidogo umesahau na ndo kimekuletea hayo maneno.

Ngoja nikupe picha mbili uziweke pembeni ya yako. Ya kwanza ni ya Margaret Bourke-White, mwaka 1937, mto Ohio ulikuwa umefurika na mji wa Louisville kule Marekani umezama, yeye akapiga foleni ya watu weusi wameshika vikapu na ndoo wanasubiri msaada, na nyuma yao kabisa kuna bango kubwa la familia ya wazungu ndani ya gari wanatabasamu, limeandikwa kwamba hapa ndo kwenye kiwango cha juu kabisa cha maisha duniani. Ukiiona leo unaapa kwamba imeunganishwa. Haijaunganishwa, bango lilikuwepo na watu walikuwepo, yeye alichofanya ni kusimama pale panapotakiwa. Ya pili ni ya Pedro Meyer wa Mexico, mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kuichukulia kompyuta kama chombo cha mpiga picha. Yeye alipiga vibarua wa Mexico wameinama shambani kule California, akapiga na bango la hoteli ya kamari, vitu viwili ambavyo havikuwa kwenye fremu moja, akaja kuviunganisha. Karibu sawasawa na ulichofanya wewe! Lakini chini ya picha akaandika miaka miwili, 1986/90, ule wa kupiga na ule wa kuunganisha, yaani anayetaka kujua anajua.

Hapo ndo kwenye kosa lako. Maelezo uliyoandika chini ya picha, nimeyasoma, yanasema "leo barabarani". Mtu akisoma hivyo anaelewa kwamba ulikuwa umesimama hapo leo na ukaviona vyote viwili kwa macho yako. Mwaka 2003 mpiga picha wa gazeti la Los Angeles Times alifukuzwa kazi kwa kuunganisha picha mbili za vita ya Iraq, askari wa Uingereza na raia karibu na Basra, na picha zote mbili zilikuwa za kweli, zimepigwa sehemu moja zikiachana muda mfupi tu, yeye alitaka mpangilio uwe mzuri zaidi basi. Kosa lake ni kwamba gazeti la habari limeshamuahidi msomaji kitu, na yeye akaivunja ile ahadi kimyakimya. We hujaahidi habari, we umetengeneza hoja, kwaiyo andika tu "picha hii imeunganishwa kutoka picha mbili nilizopiga mwenyewe". Haitapungua nguvu hata kidogo, na yule kaka ukimjibu hivyo kwa upole atabaki na swali la maana zaidi la kukuuliza, ambalo ni kwa nini umeviweka pamoja.

Na kitu kingine, ujue kuna wakati dunia yenyewe inaunganisha. Tafuta picha ya Tuca Vieira ya mwaka 2004, mtaa wa Paraisópolis mjini São Paulo, upande mmoja vibanda vimebanana hadi huoni ardhi, upande wa pili ghorofa ambalo kila baraza lina bwawa lake la kuogelea, katikati ni ukuta tu. Wengi wanadhani imeeditiwa. Kabla hujakaa kwenye kompyuta jiulize kama hakuna sehemu ambayo huo ukuta upo kweli, maana kama upo, nenda ukaupige.

SWALI: Mwalimu, mi natengeneza hizi picha za kugawa katikati, tajiri huku maskini huku. Watu wanaandika "inasikitisha sana" alafu wanapita zao. Kesho wamesahau. Nifanyeje?

JIBU: Swali lako nimekaa nalo siku tatu kwakweli, maana na mimi nimetengeneza nyingi za hivyo na naijua hiyo hali.

Kugawa katikati kuna nguvu, sikatai. Uğur Gallenkuş wa Uturuki amejulikana dunia nzima kwa kazi hiyo, anachukua nusu ya picha ya sehemu yenye vita na nusu ya maisha ya raha, anazilinganisha hadi mstari wa bega au wa ukuta unaendelea kutoka upande huu kwenda ule bila kukatika, na ule mstari ndo unakushika koo. Sasa angalia vizuri, kinachoshika pale ni mshono. Picha nyingi ninazotumiwa mshono wake umekufa, ni picha mbili zimewekwa jirani, huyu analia huyu anacheka, hawajuani. Mtazamaji anaona bahati mbaya, kwamba kuna waliozaliwa huku na waliozaliwa kule, anasikitika kama anavyosikitikia mvua kubwa, anapita. Utamlaumuje?

Nenda kamwangalie John Heartfield. Mjerumani huyu alikuwa anafanya kazi kwa mkasi na gundi, na mwezi Oktoba 1932, miezi michache kabla Hitler hajashika madaraka, jarida la wafanyakazi la AIZ lilitoa picha yake ambayo Hitler, kafanywa mdogo wa kimo, kanyanyua mkono kwa ile saluti yake, kiganja kimepinda kwenda nyuma, na nyuma yake kasimama mtu mkubwa wa kutisha, mnene, ndani ya suti, uso wake hauonekani, anamwekea noti kwenye kile kiganja. Maneno yanasema mamilioni wapo nyuma yangu. Hitler alikuwa anamaanisha watu, Heartfield anakuonyesha ni mamilioni gani. Vipande vya picha tu, lakini pale vinapokutana, kwenye kiganja, kuna kitu kinatoka kwa mmoja kinaingia kwa mwingine. Hiyo huwezi kuisikitikia ukapita, inakulazimisha uulize nani anamlipa nani.

Alafu kuna Martha Rosler, msanii wa Marekani, kati ya mwaka 1967 na 1972, wakati wa vita ya Vietnam. Alikata picha za vita na picha za nyumba nzuri kutoka kwenye majarida, mengine ni jarida hilohilo moja, kurasa za huku maiti, kurasa za kule makochi. Kuna moja mwanamke anasafisha mapazia na mashine ya kufyonza vumbi, ametulia kabisa, pazia limefunguka, na nje ya dirisha pale wapo wanajeshi kwenye mahandaki. Hakugawa kitu katikati, ni nyumba moja na dirisha moja.

Kwaiyo kabla hujafungua programu yako, shika kalamu uandike sentensi moja inayosema hawa wawili wanahusianaje. Anavaa alichoshona huyu? Anakaa kwenye ardhi aliyofukuzwa huyu? Anatupa anachookota huyu? Ukikosa sentensi, picha haijaiva bado. Ukiipata, utajua mshono uuweke wapi, inaweza ikawa sindano ile moja inapita kwenye vidole vya mshonaji na kwenye pindo la gauni la sherehe, uzi mmoja haujakatika.

SWALI: Hivi mambo haya yalianza na fotoshopu?

JIBU: Hapana, fotoshopu ilitoka 1990 na leya, yaani matabaka ya picha yanayopangwa moja juu ya jingine, zikaja kwenye toleo la tatu mwaka 1994, lakini mwaka 1857 Oscar Rejlander alishaunganisha negativu za vioo zaidi ya 30 kutengeneza picha moja kubwa, vijana wawili wanaanza safari ya maisha, mmoja anaelekea upande wa kazi na sala, mwingine upande wa kamari na anasa. Wapo waliokasirika kwa sababu ya miili ya uchi iliyokuwemo, na Malkia Victoria alinunua nakala. Kwaiyo ukisikia mtu anasema zamani picha zilikuwa za kweli tu, mwambie hivyo.

SWALI: Kila nikiunganisha, mtu anaonekana kabisa amebandikwa. Maski nimezisafisha pikseli kwa pikseli, bado. Tatizo nini?

JIBU: Tatizo mara nyingi halipo kwenye maski, yaani kile kifuniko cha kuficha sehemu za picha usizozitaka. Nimeangalia tatu ulizotuma na zote kingo ni safi, hongera, ila miguu inaelea. Pale unyayo unapogusa sakafu kuna kivuli chembamba cheusi sana kinachokaa moja kwa moja chini ya kiatu, alafu ndo kinafuata kile kivuli kirefu laini. Wengi mnachora kile kirefu mnasahau kile chembamba, na jicho la binadamu hata kama halijui jina lake linakitafuta.

Cha pili ni kimo cha kamera. Yule mzee ulimpiga ukiwa umesimama, kamera inamtazama kwa juu kidogo, na ule ukumbi ulipigwa na mtu aliyechuchumaa, kwaiyo upeo wa macho hauendani na hakuna fotoshopu itakayokuokoa hapo, rudia tu kupiga. Pima: ukumbini kamera ilikuwa kwenye kimo gani, basi na wewe shusha kamera yako hapohapo, na tumia lenzi ya upana unaokaribiana, ukimpiga mtu kwa lenzi pana ya simu ukiwa karibu pua inakua mikono inakua, ukimweka kwenye picha iliyopigwa kwa mbali anaonekana katuni. Rangi ya mwanga pia, jua la mchana na taa ya njano ya ndani haviwezi kukaa kwenye uso mmoja bila sababu. Na zile chembechembe za picha, kama moja inazo nyingi na nyingine ni laini, ziongeze kwenye ile laini mwishoni kabisa ukishaunganisha zote. Kuangalia kama umepatia, geuza picha nzima iwe nyeusi na nyeupe kwa muda, alafu igeuze kulia iwe kushoto, makosa yatajitokeza yenyewe. Na usikimbilie kumaliza kwa siku moja, Jeff Wall ile picha yake ya upepo unaopeperusha makaratasi, ya mwaka 1993, aliijenga kwa zaidi ya mwaka mmoja kutoka picha zaidi ya mia.

Sasa kuna jambo la mwanga ambalo sio la ufundi na lazima niliseme. Kwenye picha zako zote tatu upande wa maskini umetiwa giza, kijivukijivu, rangi zimeuawa, upande wa tajiri unang'aa kama asubuhi. Wanafanya wengi. Mi naomba uache. Jua linawapiga wote sawa, na unapomwekea mtu giza ambalo hakuwa nalo unakuwa umeamua kwamba maisha yake hayana rangi, wakati ulipompiga pengine alikuwa amevaa njano nzuri kabisa. Mwachie njano yake. Pengo litaonekana tu, na litauma zaidi kwa sababu mtazamaji atamuona yeye kwanza.

SWALI: Nataka kutengeneza picha kuhusu siku hizi watu na simu, laiki, kujionyesha. Nimefikiria mtu amefungwa minyororo ya chaja. Unaonaje?

JIBU: Naona tumeshaiona, samahani lakini ndo ukweli, na pamoja nayo ile ya mtu kichwa chake ni simu na ile ya vidole gumba vinavuta watu kama vikaragosi. Ubaya wake sio tu kwamba zimechoka, ni kwamba anayeangalia anamfikiria mtu mwingine, hajioni yeye. Kila mtu anajua jirani yake amefungwa minyororo.

Anza na kitu ulichokiona wewe, hata kama kilikuwa kidogo. Mi nimewahi kukaa msibani nikamuona mtu analia kweli, machozi ya kweli kabisa, alafu akajipiga selfi, akaiangalia, akaifuta, akajipiga tena kwa sababu ya kwanza ilikuwa na giza. Sijamcheka hata kidogo, nilimuonea huruma na nikajiuliza ni lini tumeanza kuhisi kwamba uchungu ambao haujaonekana na watu haujatosha. Ningeitengeneza picha ya hiyo ningepiga chumba kimoja, kamera kwenye stendi haisogei, mtu yuleyule mara kumi na moja katika mikao yote ya kuutafuta uso wake wa huzuni, wote kumi na moja wamekaa kwenye makochi kama waombolezaji wamekuja kumpa pole. Kamera isiposogea na mwanga usipobadilika hiyo ni rahisi kuiunganisha, kila mkao leya yake na maski yake. Hiyo ni yangu, we tafuta yako.

SWALI: Kwa nini nisumbuke kupiga wakati akili mnemba inanitengenezea tajiri na maskini ndani ya dakika moja?

JIBU: Kwa sababu yule maskini hayupo. Kwenye picha ya kuunganisha kila kipande kiliwahi kusimama mbele ya lenzi, mwanga ulimgusa mtu mwenye jina na ukaingia kwenye kamera, na wewe ulikuwepo hapo ukavuta vumbi alilokuwa anavuta yeye. Ukiniambia kuna mtu anabeba mawe na nikakuuliza yuko wapi, unaweza kunipeleka. Tumia hizo programu kuchora rasimu au kujaribu mpangilio, sina ugomvi na hilo, lakini ukitaka kuwasema watu wanaoishi maisha fulani, waende wenyewe kwenye picha. Na ukiitumia mahali popote, sema.

SWALI: Mwalimu naandika hii na moyo mzito. Kuna mama jirani anafua nguo za watu. Nilimpiga akiwa anafua, akiniona na akicheka, kisha nikamuunganisha kwenye sebule ya kifahari, makochi ya dhahabu, yeye anafua katikati ya zulia. Nilitaka kuonyesha nani anabeba usafi wa wale matajiri. Picha ikasambaa sana. Binti yake akaiona kwenye simu ya mwenzake shuleni, wakamcheka, akaja kwangu analia akaniuliza mama yake nimemfanya nini. Sijui nimjibu nini. Nia yangu ilikuwa njema.

JIBU: Dada yangu pole, na mpe pole huyo binti.

Nia yako naiamini. Lakini yule mama alikubali kupigwa akiwa anafua nyumbani kwake, hakukubali kuwekwa kwenye lile zulia, na hivyo ni vitu viwili. Unapomhamisha mtu kutoka mahali alipokuwa unaanza kuongea kwa mdomo wake, kwaiyo ruhusa ya kwanza haikutoshi, inabidi urudi na ile picha iliyokamilika uombe tena. Hili halikuanza na wewe wala na kompyuta. Mwaka 1936 Dorothea Lange alimpiga yule mama mhamiaji na watoto wake kambini California, ikawa moja ya picha zinazojulikana kuliko zote duniani, na mama mwenyewe jina lake, Florence Owens Thompson, watu walikuja kulijua mwaka 1978, akiwa mtu mzima sana, na alichosema ni kwamba anatamani asingepigwa ile picha, na kwamba hakuwahi kupata hata senti moja. Na ile haikuunganishwa na chochote! Miaka 42 uso wake ulikuwa unasimamia umaskini wa nchi nzima, na hakuna aliyerudi kumuuliza.

Wewe unaweza kurudi, yuko mlango wa pili. Kwanza itoe mtandaoni leo, najua imeshasambaa na huwezi kuifuta yote, itoe hivyohivyo, na pale ilipokuwa andika kwamba umeitoa kwa sababu hukumuuliza mwenye picha. Alafu nenda kwa mama, binti akiwepo, usiende na simu mkononi tayari kujieleza, omba radhi kwanza ukae. Akikubali kuongea, muonyeshe jinsi ulivyoitengeneza, leya moja moja, zima sebule, washa sebule, mwache aone alivyokuwa kabla na ulivyomfanya. Kisha muulize kama ingekuwa ni yeye anatengeneza, huo upande wa pili angeweka nini. Yeye ndo anajua nguo zile ni za nani, anajua shati lipi linaenda kukaa kwenye kiti gani kikubwa, anajua waliomlipa na waliosema watakuja kesho. Inawezekana hataki sebule kabisa, anataka mikono yake tu na kamba ndefu yenye mashati meupe inayoishia kwenye milango ya maofisi, sijui, ni yake hiyo.

Akikupa wazo, itengenezeni pamoja, jina lake liwepo kama anataka liwepo, na mkipata hela mgawane. Akikataa, futa na faili la mwanzo mbele yake na mbele ya binti, alafu endelea kumsalimia kila asubuhi kama zamani.